Tumenunua, Lakini Je, Ni Vyetu?

(Haya ni maneno niliyoyasema mkutanoni, nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na kazi kubwa.)

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu, kina mama, ndugu zangu, na hasa ninyi vijana mliobanana huko nyuma karibu na mlango: nawasalimu nyote, na nashukuru kwa kupewa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze kuhusu teknolojia na utamaduni wa kununua. Barua ya mwaliko ilijaa matumaini. Ilisema teknolojia inatutoa kwenye zama za kununua-nunua, kwamba maadili ya watu yanabadilika, na kwamba tunaelekea kwenye maisha yasiyotawaliwa na vitu. Nusu ya maneno hayo nakubaliana nayo. Nusu ya pili nitaibishia, na naomba mnivumilie.

Kwanza, kila mwenye simu aitoe. Msiiwashe. Igeuzeni mtazame ukingo wa chini, pale penye tundu la chaji. Wenye iPhone wataona skrubu mbili ndogo sana, moja kila upande. Kichwa cha skrubu hiyo hakina mstari mmoja, wala hakina msalaba tuliouzoea. Kina petali tano. Bisibisi iliyoko kwenye droo yako haiingii. Wenye simu nyingine, wengi wenu hamtaona skrubu hata moja: mgongo umebandikwa kwa gundi, na anayetaka kuufungua sharti aupashe moto kwanza gundi ilainike. Sasa jiulizeni: skrubu ile imewekwa kwa ajili ya nani? Kazi ya kushika, hata skrubu ya msalaba ingeiweza. Hii ya petali tano imepewa na kazi ya pili, nayo ni kumwambia mwenye simu asifungue.

Tumezoea kuuliza kama watu wananunua vingi au vichache. Ni swali zuri, lakini halinitoshi. Swali langu ni hili: ukishalipa, nani mwenye amri juu ya kitu? Nani anaamua kitaishi miaka mingapi? Nani anaruhusiwa kukifungua, kukitengeneza, kumwazima jirani? Nitawasimulia visa vichache, na katika kila kisa naomba mlishike swali hilo: ukishalipa, nani mwenye amri?

Watu husema binadamu ndivyo alivyo, ana tamaa, akiona kipya moyo unamwenda mbio. Tamaa ipo, sikatai. Lakini haikuachwa iote yenyewe. Ilipandwa, ikamwagiwa maji, na wenye shamba wanajulikana kwa majina.

Desemba 1924, wakuu wa viwanda vya taa za umeme walikubaliana jambo mjini Geneva, Uswisi. Walikuwemo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi, Tungsram wa Hungaria, Compagnie des Lampes wa Ufaransa, na General Electric ya Marekani ikiwa ndani kupitia kampuni zake tanzu za nje. Wakaunda umoja, wakauita Phoebus. Waligawana masoko, kila mmoja na eneo lake. Hilo wafanyabiashara wamelifanya tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa makubaliano kwamba taa isidumu. Wakati huo taa nzuri iliweza kuwaka saa 1,500 hadi 2,000 kabla ya kuungua. Umoja ukaweka kiwango: saa 1,000. Msinielewe vibaya, haikuwa angalau 1,000. Ilikuwa 1,000, basi. Viwanda vikawa vinapeleka sampuli zao maabara, Uswisi, zikawashwe na kupimwa, na kiwanda ambacho taa zake zilidumu kupita kiwango kilipigwa faini.

Mmesikia vizuri? Aliyetengeneza kitu kizuri kupita kipimo aliadhibiwa. Wahandisi waliokuwa wamekesha miaka wakitafuta namna ya kufanya waya usikatike, sasa walilipwa mshahara watafute namna ya kuufanya ukatike kwa wakati.

Niseme na upande wa pili, maana kisa hiki mara nyingi husimuliwa nusu. Wenyewe walijitetea kwamba taa ya maisha mafupi hutoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme uleule, na kwa upande wa fizikia hawakudanganya. Livermore, California, kwenye kituo cha zimamoto, kuna taa inayotumika tangu 1901. Mwanga wake ni hafifu, wa rangi ya kaa linalozimika. Usitegemee kusoma gazeti chini yake. Waya usipousukuma sana unadumu sana. Sawa. Lakini kama nia ilikuwa mwanga, mbona mnunuzi hakuachiwa achague mwenyewe? Mbona faini? Umoja ule ulivunjwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Haukuvunjwa na dhamira ya mtu.

Ukishalipa, nani mwenye amri? Mnunuzi wa taa ya mwaka 1930 alidhani ni yeye. Siku ya taa yake kufa ilikwisha kupangwa Geneva.

Njia ya pili ni ya kistaarabu zaidi, haivunji kitu chochote. Henry Ford aliuza gari lake la Model T kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, likiwa limebadilika kidogo tu. Aliamini gari likiwa zuri, limekuwa zuri. Mshindani wake, General Motors chini ya Alfred Sloan, akaja na ujanja mwingine: kila mwaka sura mpya. Gari la mwaka jana halikuwa na kasoro, liliendelea kwenda vilevile. Kilichoharibika ni furaha ya mwenye gari alipoliona la jirani. Mwaka 1954 msanifu wa bidhaa wa Marekani, Brooks Stevens, akalisema hadharani bila haya: kazi yao ni kumtia mnunuzi hamu ya kupata kitu kipya zaidi kidogo, bora zaidi kidogo, mapema kidogo kuliko anavyokihitaji.

Njia ya kwanza inaua kitu. Njia ya pili inaua mapenzi ya mwenye kitu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Karne ya 20 ikaigeuza methali hiyo kichwa chini: hata kizuri kikatembezwa, tena kwa gharama kubwa, ili mwenye kizuri cha jana akitazame akione kibaya.

Sasa nije kwenye teknolojia, na hapa nakuja na furaha ya kweli.

Ninyi wenye umri kama wangu mnakumbuka ensaiklopidia. Juzuu nzito, zimepangwa kwenye kabati la kioo, na mara nyingi zilinunuliwa zionekane kuliko kusomwa. Britannica ilianza kuchapwa 1768. Mwaka 2012, baada ya miaka 244, ikatangaza kwamba toleo la karatasi basi. Kabla yake Microsoft, kampuni yenye fedha za kuajiri wataalamu iliotaka, ilikuwa na ensaiklopidia yake ya kompyuta, Encarta, ikaifunga 2009. Iliyozipita zote ni Wikipedia, ya mtandaoni, iliyoanzishwa Januari 2001, inayoandikwa na watu wasiolipwa. Mtu angewaambia mwaka 2000 kwamba wasiolipwa watawashinda wanaolipwa, mngemwonea huruma.

Wengi hushangaa kwamba ni ya bure. Mimi hilo halinishangazi. Vya bure tumeviona vingi, na mara nyingi bei yake ilikuwa sisi wenyewe. Kinachonishangaza ni kale kaneno kadogo kalikoko juu ya karibu kila ukurasa: hariri. Yule anayesoma ndiye anayeweza kurekebisha. Kosa ulilolikuta si lazima ulilalamikie, unaweza kuliondoa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliweka hadharani kazi yake, Linux, programu ya msingi ya kuendesha kompyuta, akaruhusu yeyote aichukue, aifungue, aibadilishe. Leo kila simu ya Android imesimama juu ya kazi hiyo. Kampuni kubwa duniani zinaitumia, na hakuna hata moja inayoweza kusema ni yake peke yake. Hapo ukiuliza nani mwenye amri, jibu linakuwa refu, na urefu huo ndio uzuri wake.

Mnaweza kuniambia: hayo ni maandishi na programu, havina uzito, kugawana ni rahisi. Je, vitu vya kushikika?

Mwaka 2003, wanafunzi wawili wa chuo huko California, Kyle Wiens na Luke Soules, walitaka kutengeneza laptop ya Apple. Kitabu cha maelekezo ya ukarabati hakikupatikana. Wakaifungua hivyohivyo, kwa kubahatisha. Kutokana na usumbufu ule wakaanzisha iFixit: wanafungua vifaa, wanapiga picha hatua kwa hatua, wanaandika maelekezo, wanaviweka mahali ambapo mtu yeyote anavisoma bure, na fedha yao inatoka kwenye kuuza spea na zana. Ile bisibisi ya petali tano wanayo. Mtu aliyevunja kioo cha simu usiku leo anafuata picha mezani kwake hadi mwisho. Ujuzi uliokuwa umefungiwa kwenye makabati ya watengenezaji umetoka nje, na uliowezesha utoke ni mtandao.

Halafu kuna meza. Oktoba 2009, Amsterdam, mwandishi wa habari Martine Postma aliandaa mkutano mdogo: meza kadhaa, zana, mafundi wa kujitolea, na mwaliko kwa watu walete vilivyoharibika. Akauita Repair Café. Leo mikusanyiko ya aina hiyo imezidi 2,000 duniani. Kuna desturi moja ya mikusanyiko hiyo ninayoipenda kuliko zote: mwenye kitu haachi kitu akaondoka. Anakaa pale, anashika.

Nimekaa kwenye meza za namna hiyo. Mtu analeta pasi ya umeme, imekufa, haina hata taa. Fundi haiigusi, anamsogezea bisibisi mwenyewe. Skrubu inatoka, kifuniko cha nyuma kinang'oka kwa shida kidogo kwa sababu kuna kipini kimejificha, na ndani mnakutana na uchache wa kushangaza: nyaya, kipande cha metali kinachojipinda kikipata joto, na fyuzi isiyozidi urefu wa kucha, imevalishwa kijisoksi cheupe. Testa inagusa huku na huku. Kimya. Fyuzi imekatika. Ile mpya haitiwi kwa lehemu, maana joto la lehemu lingeiua palepale. Inabanwa kwa koleo. Kifuniko kinarudi, waya unachomekwa, na taa inawaka. Ila mimi huwa sitazami taa. Namtazama mwenye pasi tangu kifuniko kinapong'oka, kabla hata tatizo halijajulikana. Macho yanamtoka: "Kumbe ndani ni hivi tu?"

Ndugu zangu, kwangu mimi swali lile lina uzito kuliko mahubiri yote dhidi ya tamaa. Kumbe ndani ni hivi tu? Mtu yule akienda dukani tena hatazami rangi kwanza. Anakigeuza kitu chini, anatafuta skrubu.

Hiyo ndiyo nusu ninayokubaliana nayo. Sasa ile nyingine.

Tulitarajia teknolojia ipunguze vitu, na kwa hesabu ya harakaharaka ingepunguza. Simu moja imemeza kamera, redio, saa ya kengele, ramani, kikokotoo na tochi. Vitu sita ndani ya kimoja! Basi takataka zingepungua. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Mwingereza William Stanley Jevons alikwisha liona jambo hili mwaka 1865 kwenye makaa ya mawe: injini zilipojifunza kutumia makaa machache kwa kazi ileile, matumizi ya makaa hayakushuka, yalipanda, kwa sababu injini zikawa na faida mahali pengi zaidi. Kitu kikiwa rahisi, tunakitumia zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia kifaa kipya kinatumia umeme kidogo, mpongeze, kisha muulize vimeuzwa vingapi.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba teknolojia hiyohiyo inayofungua, inafunga. Phoebus walihitaji mkutano, maabara na vitabu vya faini. Leo kazi yao inafanywa na mistari michache ya programu, kutoka mbali, usiku umelala.

Julai 2009, watu waliokuwa wamenunua riwaya mbili za George Orwell kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha kampuni ya Amazon, waliamka wakakuta hazipo. Amazon ilikuwa imegundua kwamba aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo, ikaingia kwenye vifaa vya wateja, ikazifuta riwaya hizo, ikarudisha fedha. Mwanafunzi mmoja alipoteza na maelezo aliyokuwa ameyaandika kwa ajili ya masomo yake. Na riwaya moja kati ya hizo mbili, kama mnavyojua, inahusu utawala unaofuta maandishi ya jana. Kampuni iliomba radhi, na wakuu wake walikiri wamefanya upuuzi. Nakubali radhi yao. Lakini kwenye duka la vitabu vya karatasi, mwenye duka angefanyaje jambo lile? Angevunja dirisha lako.

Mwaka 2016 kisa kingine. Kulikuwa na kifaa kiitwacho Revolv, cha kuunganisha taa, kufuli na mitambo mingine ya nyumbani ili uviendeshe kwa simu. Kampuni ya Nest ilikuwa imeinunua Revolv mwaka 2014. Mei 2016 ikazima kompyuta zake zilizokuwa zikikihudumia kifaa hicho. Hakikuungua. Hakikuanguka. Hakikuingia maji. Kilikuwa kizima kabisa, nacho kimekufa, kwa sababu mahali fulani watu walikaa kikao.

Na wakulima wa Marekani waulizeni habari za matrekta. Mtu ana trekta la fedha nyingi, anajua kulifungua kila nati, lakini programu iliyomo ndani inakataa baadhi ya spea mpya mpaka fundi wa kampuni aje na kompyuta yake. Mavuno hayasubiri. Wapo waliotafuta programu za mchepuko mitandaoni ili waendeshe chombo walichokilipia wenyewe.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Tofauti yetu na wao ni moja: wao walijua nguo ni ya kuazima. Sisi tumelipa bei ya kununua, tukapewa ya kuazima.

Ndiyo maana wanaponiambia kwamba kizazi kipya kimeacha kumiliki, kinakodi muziki, kinakodi filamu, kinaita gari kwa simu, na kwamba huu ndio mwisho wa utamaduni wa kununua, mimi natikisa kichwa. Kampuni ya kuita teksi kwa simu hainigawii kitu chochote, inaniuzia safari. Ukilipa kila mwezi maisha yako yote, na siku ukiacha unabaki mikono mitupu, hujaacha kununua. Umenunua bila kumaliza.

Je, kuazima ni kubaya, basi? Hapana. Berkeley, California, maktaba ya umma inaazimisha zana tangu 1979: drili, ngazi, misumeno. Drili ya nyumbani hulala kabatini karibu maisha yake yote; ya maktaba inafanya kazi. Uswisi kuna Mobility, ilizaliwa 1997 kwa kuunganisha vyama viwili vya ushirika, na wanachama wanatumia magari kwa zamu badala ya kila mmoja kuegesha lake siku nzima. Nao wanafanya kwa simu na kadi, teknolojia ileile. Tofauti iko kwenye swali letu. Maktaba ina bodi unayoweza kuisimamisha ikujibu. Ushirika una wanachama wenye kura. Yule mwenye kompyuta za mbali ana masharti ya kurasa nyingi uliyobonyeza "nakubali" bila kuyasoma. Ninyi mmeyasoma? Mimi sijayasoma.

Sheria zimeanza kuamka, na hili nalipitia haraka kwa sababu wanasheria mlioko hapa mnalijua kuliko mimi. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 2012 wapiga kura walipitisha kwa wingi mkubwa haki ya gereji yoyote kupata taarifa za kutengeneza magari. Ufaransa mwaka 2015 ilifanya kufupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi kuwa kosa la jinai, na tangu Januari 2021 baadhi ya vifaa vinauzwa vikiwa na alama inayoonyesha vinatengenezeka kwa urahisi gani. Umoja wa Ulaya umelazimisha tundu moja la chaji kwa simu mpya tangu mwisho wa 2024, na kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo zitatakiwa ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Gundi itapata kazi nyingine.

Nimalizie na maadili, kwa kuwa mmeniomba, ingawa ndilo eneo ninaloliogopa. Kusema "maadili yanabadilika" ni rahisi mno. Mwaka 2011 kampuni ya mavazi ya Patagonia ilitoa tangazo kwenye gazeti la New York Times, siku ya manunuzi makubwa kabisa ya mwaka, likiwaambia watu wasinunue koti lake. Waliandika hata maji yanayotumika kulitengeneza. Nawaheshimu; wana karakana za kushona upya nguo zao. Lakini lile nalo lilikuwa tangazo, tena zuri. Hata kuchoka kununua kunauzika.

Kwa hiyo nikitaka kujua maadili ya watu siwaulizi wanapenda nini. Naangalia walipopewa nafasi ya kuchagua kati ya vitu na muda, walichagua nini. Mwaka 1930 mchumi wa Uingereza John Maynard Keynes aliandika kwamba ndani ya miaka 100 uzalishaji utakuwa umepanda kiasi kwamba watu watafanya kazi saa 15 kwa wiki. Kuhusu uzalishaji aliona mbali. Kuhusu saa, mnaziona wenyewe. Tulipewa zawadi ya mashine, tukaichukua yote kwa sura ya vitu.

Yote? Hapana, si wote. Desemba mwaka huohuo wa 1930, Battle Creek, Michigan, kiwanda cha Kellogg, cha vyakula vya nafaka vya asubuhi, kilibadilisha zamu tatu za saa nane kuwa zamu nne za saa sita. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na mwenye kiwanda, W. K. Kellogg, alitaka watu wengi zaidi wapate ajira. Malipo kwa saa yakapandishwa, ingawa si kiasi cha kufidia saa zote mbili zilizoondoka. Watu wakajikuta na saa mbili za mchana mikononi. Wakazitumia kwa bustani, kwa watoto, kwa michezo, kwa kutembeleana. Vita vikaja, vikapita, na idara moja baada ya nyingine zikarejea saa nane, kwa sababu saa nane ziliongeza mshahara na mshahara ulinunua vitu. Lakini walikuwepo waliokataa. Mwaka baada ya mwaka walikataa, na waliobaki mwisho walikuwa wengi wao wanawake. Zamu ya saa sita ilifutwa 1985. Hesabuni: zaidi ya miaka 50, kwenye nchi iliyovumbua nusu ya ujanja niliowasimulia leo, walikuwepo wafanyakazi wa kawaida wa kiwandani waliopewa kitita na muda, wakashika muda. Hawakuwa na simu za mkononi. Hawakuwa na nadharia. Walikuwa wamezionja zile saa mbili, wakajua zinafananaje.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna karatasi imeletwa hapa mbele nikiwa nazungumza, imeandikwa: "Watu wakiacha kununua, viwanda vitafungwa. Sisi tutaajiriwa wapi?"

Sina jibu zima. Najua kutengeneza kilichoharibika kunahitaji mikono mingi kuliko kukitupa, na ndiyo maana kunaonekana ghali penye mishahara mikubwa. Sweden mwaka 2017 ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kwenye ukarabati wa baiskeli, viatu na nguo kutoka asilimia 25 hadi 12 ili mizani ikae sawa kidogo. Najua pia kwamba mtu anayepoteza kazi kiwandani mwezi huu hawezi kula ahadi ya kuwa fundi miaka mitano ijayo, na nani atamlipa katikati hapo, sijaona nchi iliyolijibu vizuri. Yale ya Kellogg, kugawana saa za kazi badala ya kugawana ukosefu wa kazi, nadhani yanastahili kufufuliwa, lakini kuna mtu humu ameendesha kiwanda na anaweza kunipinga kwa hesabu zake. Ningependa anipinge. Aliyeandika karatasi hii asimame, apewe kipaza sauti, tuanze na yeye.